Kombati Niliyoipeleka Idodi

Tangu nirudi mmenikalia kooni. Nikifika karashani kusaga mawe ya dhahabu asubuhi, kabla sijavua hata koti, kuna anayeuliza huko Iringa ilikuwaje. Nikienda kula, mama ntilie naye anauliza. Nimesimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Basi naandika mara moja, anayejua kusoma amsomee mwenzake. Habari za tiketi na kuomba ruhusa kwa bosi sitazigusa, hazina utamu.

Mnajua nilikuwa jeshini, koplo, na sikio la kushoto nililiacha Kongo tulikokwenda kulinda amani. Jina la Luteni Fidelis mnalijua pia, maana nikizidisha pombe kidogo ndilo ninalolitaja. Nilikuwa dereva wake. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mimi namzidi kumi, na bado nilimwita afande na nikamaanisha. Alifia kule, katika shambulio la asubuhi moja, akaletwa kuzikwa kwao Idodi. Jeneza lilifika limefungwa, na amri ikawa lisifunguliwe.

Sisi mtu wetu hatumziki hivyo. Watu wanapita mmoja mmoja, wanamwangalia uso, ndipo moyo unakubali. Mama yake hakupita popote. Alisimamishwa mbele ya sanduku lenye bendera, basi. Jioni ile alinipigia simu, mimi nikiwa bado kitandani hospitali ya kule, akauliza neno moja tu: "Wewe ulimwona?"

Nikamjibu, "Nilimwona, mama. Alikuwa kama amelala."

Ulikuwa uongo. Ule uongo tunaousema wote msibani, hata nyie mmeusema. Nikafunga simu nikajiona nimetenda wema.

Miaka mitatu baadaye, Alhamisi, baba mdogo wake Luteni akanipigia. "Koplo, keshokutwa tunajengea kaburi. Saruji ipo, fundi yupo. Shemeji kakataa. Anasema mle ndani hamna mwanae."

"Kwa nini aseme hivyo?"

"Kwa sababu yako. Ulimwambia alikuwa kama amelala. Fidelis tangu ananyonya hajawahi kulala macho yamefumba, yanabaki nusu wazi, hata wageni walikuwa wanaogopa. Anasema mtu aliyekaa naye miezi saba angelijua hilo. Kwa hiyo ama hukumwona, ama uliyemwona si yeye."

Kweli, alikuwa analala macho nusu wazi. Nilikuwa namtania kwamba hata usingizini anakagua gwaride.

"Sasa anataka nini, baba?"

"Kufukua. Jumamosi saa sita mchana, kama hujafika useme kwa mdomo wako, anaanza mwenyewe. Jembe kashanoa."

Nikanyanyua godoro, nikaitoa kombati. Shati hilo la jeshi nilipaswa kulirudisha siku niliyotoka, sikurudisha. Raia akikutwa na nguo ya jeshi mnajua kinachompata. Lakini kifungo cha mfuko wa kushoto kilishonwa na Luteni kwa mkono wake, na sikuwa na kitu kingine cha kumwekea yule mama mbele yake. Nikalikunja ndani ya taulo, taulo ndani ya begi.

Makongolosi mpaka Mbeya

Ijumaa alfajiri nilipanda kosta nikiwa na viazi viwili vya kuchemsha mfukoni. Mpaka Chunya tulikwenda vizuri. Tulipoanza kuupanda mlima ule wa kuingilia Mbeya, ukungu ukashuka, huoni hata mstari wa barabara, na dereva anaongea na simu kwa mkono mmoja.

Mimi dereva mbovu akinibeba siwezi kunyamaza, ni ugonjwa. Nikamwambia aweke simu chini. Akajibu kwamba hiyo njia anaijua toka mimi naendesha punda. Nikamwambia punda angekuwa ameshapunguza mwendo. Abiria wakacheka, na hapo ndipo nilipoharibu, maana mwanaume akichekwa na gari zima huwa anapata wazimu. Akaegesha pembeni, akazima injini, akafungua mlango. "Njoo uendeshe wewe."

Mnajua ilivyo. Dakika tano za kwanza watu walikuwa upande wangu. Zilipofika ishirini, nimekuwa mimi ndiye mbaya. Mama mmoja akaniambia, "Gwe, mwombe msamaha huyo tuondoke, mimi nina mgonjwa hospitali." Nikaomba msamaha kwa meno yaliyofungwa. Aliendelea na safari, na simu akaiweka chini, lakini basi nililotaka kulipanda Mbeya niliikuta nafasi yake tu, na muuza karanga akinionyesha lilikoelekea. Lililofuata likaondoka saa nne na nusu. Ulimi wangu umenigharimu mengi maishani, ila siku ile niliuogopa.

Mbeya mpaka Makambako

Nilikaa na Bi Zuhura. Mama wa makamo, mfanyabiashara wa vitenge pale Mwanjelwa, babu zake walitoka pwani na mpaka leo anasema Kiswahili kilichonyooka kuliko cha redio. Alikuwa anakwenda Iringa kwa mwanae aliyejifungua. Tukapatana vizuri kwa saa nzima, akanipa chapati, nikampa habari za dhahabu.

Basi likapiga breki kali, begi langu likaanguka kutoka juu, zipu ikaachia, na mkono wa kombati ukatoka nje ukamlalia mapajani. Aliutazama. Una doa la zamani ambalo halikutoka hata kwa sabuni. Akaniangalia mimi, na kovu langu la shingoni, na hivi nilivyoukusanya ule mkono haraka haraka kama mwizi. Akahamisha mkoba wake upande wa dirishani. Baada ya hapo nikimsemesha anajibu kwa kutikisa kichwa, na baadaye nikamwona anamnong'oneza konda kitu.

Kumbe alidhani nimemuua askari nikachukua nguo yake. Aliniambia mwenyewe baadaye.

Kabla ya Makambako tukasimamishwa na askari wa barabarani. Konda alikwenda kuongea nao, akarudi na askari kijana, mrefu, akapita mabegi yote ya wengine akasimama kwangu. "Fungua."

Nikafungua. Akatoa taulo, taulo likatoa kombati. Basi zima likageuka kunitazama, hata mtoto aliyekuwa analia nyuma.

"Ya nani?"

"Yangu. Nilikuwa jeshini."

"Ulikuwa. Sasa hivi ni nani?"

"Raia."

"Shuka."

Nikashuka. Simu ikaanza kuita mfukoni, nikajua ni baba mdogo, sikuthubutu kuipokea. Askari akaniuliza namba yangu ya jeshi nikamtajia bila kupumua, kikosi nikataja, akauliza basi kwa nini sikuirudisha nguo. Nikatafuta uongo mzuri. Nilikuwa na uongo wa aina tatu au nne tayari. Halafu nikachoka. Jamani, nilichoka tu, pale kwenye jua, nikasema kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu.

Nikamwambia kwamba baada ya shambulio niliitwa kutoka kitandani hospitali kumtambua Luteni wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Wakafunua turubai. Uso haukuwa uso wa kutambua. Walikuwa wawili pale, umbo moja, na vitambulisho vyao vilikuwa vimeungua. Nikaangalia kifungo cha mfuko wa kushoto. Juzi yake tulikaa tunashona vifungo, mimi na yeye, afisa na dereva wake. Uzi wa kijani ukaisha, akatumia mweupe, akashona changu akashona na chake. Mmoja wa wale wawili alikuwa na kifungo cha uzi mweupe. Nikageuza mfuniko wa mfuko nikaangalia na nyuma. Nikasema, "Ni huyu." Wakaandika.

"Sanduku lilikatazwa kufunguliwa, na sasa mama yake anataka kufukua," nikamalizia. "Kesho saa sita. Hiyo kombati ndiyo yenye kifungo kingine."

Askari alikuwa ameishika kwa vidole viwili. Akaigeuza akakitazama kifungo.

Nyuma yangu nikasikia, kwa sikio zima, mtu anashuka ngazi za basi taratibu. Bi Zuhura. "Mwanangu," akamwambia askari, "mimi ndiye niliyemtuma konda. Nilimdhania vibaya huyu baba. Nakuomba umwachie awahi."

"Mama, sheria..."

"Sheria naijua, baba. Hata mama wa yule marehemu anaijua. Ndiyo iliyomkataza kufungua sanduku."

Yule kijana alitazama barabara muda mrefu. Mwisho akanirudishia. "Jumanne iwe imefika kambini Mbeya. Nimeshika jina lako na namba yako. Nitapiga simu kuuliza." Na aliipiga kweli, nimeambiwa.

Makambako mpaka Ipogolo

Nilipopokea simu baba mdogo akasema shemeji yake hajala tangu jana, kakaa kaburini na jembe. Nikamwambia nipo njiani. Akasema, "Wote wako njiani, koplo. Miaka mitatu mko njiani."

Pale Makambako tulikula supu ya mbuzi. Bi Zuhura akalipa akanizuia mkono. Halafu mbele, kabla ya Mafinga, lori la parachichi likawa limelala katikati ya barabara. Hakuna aliyeumia, mshukuruni Mungu, lakini parachichi zilikuwa zimetapakaa mpaka kwenye miti ya mbao, na kijiji kizima kimetoka na ndoo. Malori ya Zambia mbele yetu, malori nyuma yetu. Tulikaa saa tano nzima. Dereva wetu mwenyewe alirudi na kofia imejaa.

Nilitembea huku na huku mpaka konda akaniambia nitachimba mtaro. Bi Zuhura akaniita nikae kivulini, akanimenyea parachichi kwa kisu chake, na chumvi kidogo.

"Utamwambia nini?" akauliza.

"Nitamwonyesha kifungo."

"Na uso?"

Nikasema labda nitamwambia kwamba sikuuona vizuri. Moshi, labda. Haraka.

Akafuta kisu kwenye majani. "Usimdanganye mama wa mtu mara mbili. Mara ya kwanza huwa ni huruma. Ya pili unamlinda nani?"

Niliudhika, nisiwafiche. Nilimwona ni mwanamke wa vitenge asiyejua nilichokiona. Parachichi nikaimaliza kwa hasira. Lakini tuliposhuka Ipogolo, hapo Iringa, giza limeshaingia, akaniaga kwa kunishika bega, nikamwambia, "Nimesikia, mama." Nikapata chumba cha kulala pale pale stendi, nikalala na begi kifuani.

Ipogolo mpaka Idodi

Jumamosi saa moja nilikuwa wa kwanza kwenye Noah ya Idodi. Kuwa wa kwanza hakusaidii kitu, gari haliondoki mpaka lijae, na likijaa linajazwa tena. Tukaondoka saa tatu. Tukapita Kalenga, lami ikabaki nyuma, vumbi likaanza, na hewa ikazidi kuwa ya joto kadiri tulivyoteremka. Saa nne na dakika kumi tairi likapasuka. La akiba nalo lilikuwa halina upepo. Safari hii sikusema neno kwa dereva, nadhani mngejivunia mimi.

Simu ikaita. Baba mdogo alikuwa ananong'ona. "Kainuka. Hangoji tena saa sita."

Nikasimamisha bodaboda iliyokuwa na kuku wanne kwenye usukani. Mwenyewe akasema anakwenda kijiji cha karibu tu, hafiki Idodi. Nikamwambia kuna mama anataka kufukua kaburi la mwanae aliyekuwa askari. Akaniangalia. "Mama Fidelis, yule fundi cherehani?"

"Unamjua?"

"Sare yangu ya shule alinishonea yeye. Panda." Kuku tulikwenda nao mpaka Idodi.

Saa sita kasoro robo tulifika. Kwenye kaburi nyuma ya nyumba kulikuwa na watu kama ishirini wamesimama mbali, hakuna anayesogea. Mchanga umemwagwa, mifuko ya saruji iko pembeni, fundi kakalia ndoo yake. Na mama, mwembamba, kanga kiunoni, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni, anapiga jembe. Alikuwa ameshachimba mpaka kwenye magoti. Baba mdogo alisimama karibu naye analia bila kujificha.

"Kamwene, mama," nikasema. Mimi Mnyakyusa, lakini salamu ya kwao Luteni alinifundisha.

Akasimamisha jembe. "Kamwene. Wewe nani?"

"Ambakisye. Dereva wake."

"Wewe ndiye wa kama amelala."

"Ndiyo mama. Nilikudanganya."

Kuna shangazi mmoja aliyeguna. Mama akangoja, kashikilia mpini. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikatoa kombati, nikamwambia yote kama nilivyomwambia yule askari. Turubai, watu wawili, uzi mweupe. Nilipofika kwenye kifungo akanyoosha mkono. Nikampa shati.

Hakukiangalia kifungo kwa mbele hata kidogo. Akageuza mfuniko wa mfuko, akapitisha kidole gumba nyuma yake, akapitisha tena. Uso wake haukubadilika.

"Uzi mweupe kila mtu anao," akasema. "Yule uliyemwona, kwa nyuma palikuwaje?"

Nikafumba macho. Miaka mitatu nimekuwa nikipafukuza pale mahali, sasa nikarudi mwenyewe, nikashika ule mfuniko, nikaugeuza. "Palikuwa safi. Nilitafuta fundo sikuliona. Nilidhani limekatika."

"Na kifungo kilikuwa kinalegea?"

"Hapana. Kilikuwa kimekaza."

Mama akakaa chini pale pale, kwenye shimo alilolichimba. "Fundo analificha katikati ya nguo," akasema, akimwambia shemeji yake, si mimi. "Anaanzia ndani, anamalizia ndani. Mafundi wote hapa wanaweka fundo nyuma. Mimi nilimfundisha akiwa darasa la nne, nikamchapa mpaka akajua, kwa sababu fundo la nyuma linamkwaruza mtu kifuani." Akalibana lile shati kwenye mapaja. "Linamkwaruza mtu kifuani," akarudia.

Halafu akanigeukia.

"Sasa niambie uso."

"Mama..."

"Wenzangu wote wamewaona watoto wao. Niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, taratibu, kuanzia kwenye paji, kama mtu anayepita mbele ya jeneza lililofunguliwa. Nyie sitawaandikia, msinisumbue. Yeye alikuwa ananisaidia, akinishika mkono, akiitikia, "Eeh. Na shavu hili? Eeh." Nilipomaliza ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha siku ya msiba ambacho hakikutoka siku ya msiba, na wanawake wakaja mbio wakamzunguka na kulia naye, na mimi nikalia katikati yao, sijali.

Jua lilikuwa limeshapinda aliponyamaza. Akajifuta kwa kanga, akainuka, akaurudisha udongo kwenye shimo kwa jembe lile lile, hakukubali kusaidiwa. Akaushindilia kwa miguu. Akamwangalia fundi aliyekuwa bado kwenye ndoo yake.

"Changanya saruji," akasema.

Kurudi

Nilikula ugali na maharage kwao, nikala sana, nao wakanisimanga kwamba Wanyakyusa tunakula kama tunahama. Mama akanipimia mabega kwa ile futi bila kuniuliza. Asubuhi ya Jumapili akanipa shati jipya la kitambaa cha bluu. Nimelivaa naandika haya. Nendeni mkaangalie nyuma ya vifungo.

Kombati akanirudishia imepigwa pasi. Jumatatu niliipeleka kambini Mbeya, kama nilivyoamriwa. Sajenti wa stoo akaikunjua mezani, akaikagua mbele na nyuma, akaniangalia kwa jicho la kijeshi.

"Koplo, hapa pamekatwa kwa mkasi. Mfuniko wa mfuko wa kushoto na kifungo chake viko wapi?"

"Viko Idodi, afande," nikasema. "Kwa mwenyewe."